Bahari Niliyoipaka Nyeusi

Karatasi zilikuja nyumbani na harufu ya wodi. Ilikuwa harufu ya ile dawa ya kusafishia mikono, kali kama spiriti, iliyochanganyika na unga wa glavu za mpira na wino wa mashine ya fotokopi. Mpaka leo nikiingia hospitali yoyote, kabla sijamwona mgonjwa niliyekwenda kumtazama, huwaona kwanza samaki: samaki wa mistari, farasi wa baharini mwenye mkia uliojikunja, nyangumi anayecheka, na mapovu ya duara yakipanda juu kuelekea ukingo wa karatasi. Mama alikuwa muuguzi kwenye wodi ya watoto huko Doha. Kila wiki mama mmoja wa kujitolea alipita vitandani akigawa michoro ya kupaka rangi, kila mtoto na wake, ili wapate cha kufanya kati ya sindano moja na nyingine. Wiki zote michoro ilikuwa ya bahari. Nadhani kitabu walichokuwa wakinakili kilikuwa hicho kimoja tu. Zilizobaki Mama aliziomba, akazikunja mara moja, akaniletea.

Tuliishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko jembamba ambalo watu wawili hawakuweza kupishana. Baba alikuwa akishughulikia kompyuta katika ofisi moja ya West Bay, siku ambazo nusu ya minara ya huko ilikuwa bado na kreni juu. Ninausimulia mwaka niliokuwa nakaribia kutimiza miaka kumi, likizo ndefu ya Julai na Agosti, msimu ambao bomba la maji baridi hutoa maji ya moto na kioo cha dirisha hakishikiki. Watoto wengi wa jengo letu walikuwa wamepelekwa makwao, India, Misri, Ufilipino. Sisi hatukwenda Kisii mwaka huo kwa sababu Mama hakupewa likizo. Mchana nilishinda kwa jirani wa mlango wa pili, mama wa Kisudani mwenye mapacha wachanga, mwanamke mpole ambaye mimi na yeye tulikuwa na maneno kama ishirini tu ya kuelewana. Yeye alihangaika na watoto wake, kiyoyozi kilinguruma, na mimi nilikaa kwenye meza ya plastiki na boksi langu la krayoni kumi na mbili, nikipaka nyangumi baada ya nyangumi.

Jioni moja Mama alileta karatasi iliyokuwa imepakwa nusu. Samaki wote walikuwa na rangi, zilizowekwa kwa uangalifu mkubwa bila kutoka nje ya mstari, lakini maji yaliachwa meupe. "Hii ni ya Raya," Mama alisema huku akivua viatu. "Mkono umemchoka. Anasema maji umalizie wewe."

Ndivyo nilivyomfahamu Raya, ambaye sikumtia machoni hata siku moja. Alikuwa na miaka minane, ametoka Makunduchi, Unguja. Baba yake alikuwa dereva wa familia moja tajiri hapo Doha, na tajiri wake ndiye aliyesaidia mtoto aletwe kutibiwa ugonjwa wa damu. Mama yake alibaki Unguja na mtoto mchanga. Baba mtu alishinda barabarani akiwapeleka watoto wa wenyewe huku na huko, hakuweza kufika hospitalini mpaka magharibi, na akifika alikuwa na saa moja tu. Wauguzi wengine wa wodi walikuwa Wafilipino na Wahindi, madaktari wakizungumza Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili alikuwa nacho Mama peke yake. Kwa hiyo kila kitu cha Raya, maumivu yake, kiu yake, ndoto mbaya aliyoota, kilingoja mpaka Mama aingie zamu.

Nilipaka maji ya ile karatasi kwa bluu, nikairudisha ndani ya bahasha mojawapo ya zile za kaki ambazo Baba alikuwa akizileta kutoka ofisini. Siku ya pili jibu lilikuja. Raya alisema maji ya pwani si bluu tupu, karibu na mchanga huwa kijani, na kule mbali ndiko yanakoiva kuwa bluu. Basi nikajifunza kuanza na kijani. Tukaendelea hivyo kwa wiki nyingi, yeye samaki na mimi maji, na Mama katikati akibeba maneno yetu. Zilizokamilika Raya alizitazama, kisha akanirudishia nizitunze chini ya godoro langu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba yule niliyekuwa nikimwita samaki wa nyota anaitwa kiti cha pweza, kwamba pweza mwenyewe hawi waridi hata angechorwa anacheka, na kwamba yule mwenye mdomo kama wa kasuku ni pono, na pono ndiye samaki pekee unayeweza kumpaka rangi zote za boksi bila kusema uongo. Mimi mtoto wa milimani, niliyekuwa nimekaa Doha miaka miwili nikiiona bahari kwenye Corniche tu, ile barabara ya ufukweni, nikiwa juu ya ukuta, nikayapokea maneno hayo kama mtu anayepewa funguo za nyumba. Siku ya kwanza Mama aliposema, "Raya anamsalimu shoga yake," chai ilimpalia Baba, akacheka mpaka machozi, na Mama ikabidi atueleze kwamba kwao Unguja msichana humwita hivyo rafiki yake wa kike na hakuna ubaya wowote. Bahasha yenyewe Mama hakuifungua kamwe. Raya alipenda kuifungua mwenyewe, na Mama aliheshimu jambo hilo kana kwamba tulikuwa watu wazima wawili tunaoandikiana.

Sasa nieleze lililoharibika. Kadiri wiki zilivyokwenda, Mama alianza kuchelewa. Zamu ilikwisha saa tisa alasiri, lakini alibaki mpaka magharibi, mpaka baba yake Raya afike, kwa sababu hakuweza kumwacha mtoto ambaye akilia hakuna anayejua analilia nini. Aliporudi alikuwa amechoka, na kinywani mwake hamkuwa na jina lingine. Raya leo amekula uji. Raya leo ameuliza theluji ikoje. Raya ana mwandiko mzuri kuliko wewe. Hilo la mwisho alilisema akitabasamu, na mimi nikatabasamu pia, lakini usiku ule nilichukua daftari langu nikatazama mwandiko wangu kwa muda mrefu. Nilianza kuhesabu saa ambazo Mama alikuwa nami na zile alizokuwa na Raya, na hesabu haikuwa upande wangu.

Kwa siku yangu ya kuzaliwa Mama aliniahidi bahari. Si Corniche, bali ufuo wa kule Wakra, maji ya kuingia. Angetoka kazini saa tisa kamili na sisi tungekuwa tumeshafunga mizigo. Baba aliomba ruhusa akarudi mapema, akanunua keki ndogo, akaviringisha taulo mbili kwenye mfuko wa plastiki. Saa kumi Mama hakuwa amefika. Saa kumi na moja alipiga simu, akazungumza na Baba kwa Kigusii, kwa sauti ya chini. Jua lilipoanza kushuka Baba alisema twende wawili tu, bado tungewahi. Nilikataa. Nilitaka Mama akifika anikute pale pale mlangoni na viatu vyangu miguuni, aone nilivyongoja.

Alifika baada ya isha. Nilikuwa bado nimevaa viatu. Alichuchumaa mbele yangu akanishika magoti, na mikono yake ilikuwa na ile harufu.

"Leo wamemtoboa mgongo kwa sindano, Nyabo," alisema. "Hapakuwa na mtu wa kumwambia kinachofanyika."

"Leo ilikuwa siku yangu," nikasema.

"Najua."

Akatoa bahasha. Raya alikuwa amejua ni siku yangu, akaanza kuniandalia zawadi siku mbili kabla ya kutobolewa. Ilikuwa bahari kubwa kuliko zote, ya karatasi mbili zilizounganishwa kwa plasta ya hospitali. Pono alikuwa na rangi zote za boksi. Kasa alikuwa na kila kigae cha mgongo wake kimepakwa peke yake, kahawia, kijani, kahawia. Na katikati, mahali ambapo mchoraji wa kitabu hakuweka kitu, Raya mwenyewe alikuwa amechora wasichana wawili wanaogelea wameshikana mikono, mmoja ana mtandio na mwingine ana misuko. Mwenye misuko alikuwa na gauni la manjano. Maji aliniachia mimi, kama kawaida.

Asubuhi iliyofuata, kwenye meza ya jirani, huku mapacha wakilia, nilichukua krayoni nyeusi. Sijui kama niliamua. Nakumbuka nilianza na maji, nikijiambia kwamba kuna sehemu za bahari zenye giza. Halafu nikapita juu ya mkia wa pono. Halafu nikawa nabonyeza kwa nguvu mpaka krayoni ikakatika, nikaendelea na kipande, na nta ikajaa juu ya karatasi ikawa inang'aa kama lami mpya. Kasa nilimfunika kigae kimoja kimoja. Wasichana wawili niliwaacha mpaka mwisho, nikawatazama, kisha nikawafunika nao. Nikaitia kwenye bahasha, nikailamba gundi, nikaiweka kwenye mkoba wa Mama. Mama aliichukua asubuhi ya pili bila kuitazama, akanibusu kwenye paji la uso.

Siku hiyo nzima nilikuwa na homa ya woga. Nilijua angeifungua Raya mwenyewe, Mama akiwa amesimama kando. Nilijua kila kitu. Jioni Mama aliingia akaweka mkoba chini taratibu, akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi. Akatoa boksi la krayoni lililochakaa, la rangi ishirini na nne, limefungwa kwa mpira wa nywele, akaliweka mapajani mwangu. "Raya amekupa hizi," alisema. Nikangoja neno la pili, kofi, swali. Akaenda kuoga, na mimi nikabaki na boksi. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani Raya amenirudishia uovu wangu kwa njia ya watoto, kama mtu anayesema sichezi tena na wewe, chukua vyote. Nikaona haya, na haya ikageuka hasira, na kwa siku tatu sikupaka kitu.

Siku ya nne nilianza mchoro mpya. Nilitumia krayoni zake. Nilianza na kijani karibu na mchanga, nikaiacha rangi iive pole pole kuelekea juu, sikutoka nje ya mstari hata mara moja. Nilichora wasichana wawili, vibaya, kwa sababu sikujua kuchora watu. Pembeni niliandika, Raya nisamehe, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Mama alikwenda na bahasha hiyo Jumatano asubuhi. Alirudi saa nane mchana, kabla ya mwisho wa zamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Bahasha ilikuwa mkononi mwake, imefungwa vile vile.

"Alifariki alfajiri," alisema. "Sikuwapo."

Akaketi sakafuni katika korido, na sare yake ya kazi, akalia kama ambavyo sijawahi kumwona mtu mzima akilia. Mimi nilisimama. Sikuweza kumkaribia. Nilihisi kwamba nikimgusa atajua, ingawa alikwisha kujua tangu Raya alipoifungua ile bahasha.

Raya alizikwa hapo hapo Doha, siku ile ile, baada ya alasiri. Ijumaa, sala ilipokwisha na barabara zikiwa bado kimya, baba yake alikuja kwetu. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, mfuko wa plastiki. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya upole iliyonifanya nitake kukimbia. Alimwambia Mama kwamba kule Unguja mkewe anaomba kitu chochote chenye mkono wa mtoto. Alisikia kwamba zipo karatasi. Mama akanitazama, nikaenda kuzileta zote, rundo zima kutoka chini ya godoro langu, pamoja na boksi la krayoni. Boksi yule baba akalirudisha mikononi mwangu. "Hizi zako, mwanangu. Kakupa mwenyewe."

Alizitandaza karatasi mezani moja moja. Alitaja samaki kwa majina yao, kama anayeita watoto. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, na nta nyeusi ikapasuka kwenye mikunjo. Alisema wameipata chini ya mto wake. Akaitazama sana. Akainamisha kichwa akaanza kuikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo kidogo, na chini ya weusi rangi ikaanza kutoka. Manjano. Kisha mkono mdogo. Kisha kichwa chenye misuko.

"Huyu ndiye wewe?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alikupenda sana. Na zile rangi, zimekufaa?" Sikuelewa. Akaendelea, akizungumza nami lakini macho yake yako kwenye karatasi. "Aliniambia shoga yake rangi zimemwishia, kabaki na nyeusi tu, ndiyo maana kapaka hivi. Basi kakupa zake. Nikamwambia umefanya vyema, Ijumaa mimi n'takuletea nyingine." Akatia mkono kwenye mfuko wa plastiki akatoa boksi jipya, la krayoni arobaini na nane, bado lina nailoni yake. Akaliweka mezani juu ya bahari zote. "Nilikwishanunua," alisema.

Nilimtazama Mama. Mama alikuwa akitazama dirishani. Hapo ndipo nilipojua nani aliyemwambia Raya kwamba rangi zimeniishia, na kwamba mtoto yule alikaa siku zake za mwisho kitandani bila hata krayoni moja, kwa ajili ya uongo uliotungwa ili asijue mimi ni mtu wa namna gani. Nilifungua mdomo. Mama akasema, haraka, "Nyabo, mletee baba Raya chai." Nikaenda jikoni. Nilipotoka na kikombe alikuwa amekwisha kuzikusanya karatasi zote, pamoja na ile nyeusi, na alikuwa amesimama kuaga. Boksi jipya alituachia. Mama alilipeleka wodini wiki iliyofuata.

Tulirudi Kenya miaka sita baadaye. Sasa naishi Nakuru, nina binti wa miaka saba, naye anapaka bahari pia, lakini juu ya kioo cha simu yangu. Anagusa samaki kwa kidole na samaki mzima anajaa rangi mara moja, bila mkono kuchoka, bila kutoka nje ya mstari. Asipopenda alichofanya anagusa kishale na yote yanafutika, karatasi inakuwa nyeupe kana kwamba hakuna aliyewahi kuishika. Humtazama nikiona wivu ambao siwezi kumweleza. Utoto wangu haukuwa na kishale hicho. Ulikuwa na nta, na nta ikishikana na nta nyingine haitoki mpaka mtu aikwangue kwa ukucha. Nimewahi kutafuta njia ya kumfikia mama yake Raya. Makunduchi si mbali kama ilivyokuwa zamani, ni safari ya siku moja, na kila mwaka napata sababu ya kutokwenda.

Mimi na Mama hatukulizungumza jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Krismasi iliyopita, kwake Kisii, tulikuwa tumekaa barazani tukichambua maharage, binti yangu yuko ndani na simu. Sijui kilichonisukuma. Nilimuuliza, bila utangulizi, kama Raya aliuamini uongo wake.

Hakujifanya hajui ninasema nini. Aliacha mikono yake ndani ya ungo.

"Nilimwambia umebaki na nyeusi tu," alisema. "Akaitazama ile karatasi. Akanitazama mimi, muda mrefu hivi, kama mtu mzima. Halafu akasema, basi mpelekee zangu."

"Lakini aliamini?"

Mama alichukua punje moja mbovu, akaitupa uani.

"Yule mtoto alikuwa na akili, Nyabo," akasema. "Alikuwa na akili sana."